Kasuku

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Marehemu mumewe alimwita Kasuku kwa kupenda kwake kuongea, na kila alipomwandikia "mbona" aliisahau ile herufi ya kwanza, wakabaki kuchekana.

Mume alimwachia kompyuta yenye sauti yake aliyoirekodi akimbembeleza mtoto wao. Siku moja shoga yangu akafungua barua pepe ya oda ya sare, kumbe imebeba virusi. Mafaili yote yakajifunga. Kosa la mkono wake mwenyewe.

"Dada, sikufichi," fundi kompyuta alimwambia, akimpisha kwenye kiti chake. "Nimehangaika nayo siku tatu. Imebaki kufuta kila kitu niweke mfumo upya."

"Na sauti yake?"

"Nayo itafutika, dada."

"Basi futa," shoga yangu alisema.

Madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, chumba giza, feni ya kompyuta ikinguruma. Mfumo ulipokuwa ukiingia, fundi alichomoa kibodi, akaketi kwenye stuli, akakilaza magotini akifute kwa kitambaa. "Ukirudishe nyumbani kikiwa safi, dada."

Feni ikanyamaza. Ndipo wakasikia vitufe vya kibodi kile vikibonyezwa, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Mikono ya fundi ilikuwa imesimama hewani, na kitambaa chake.

Kioo cha kompyuta kikawaka, kikiuliza jina la mtumiaji. Nafasi ya jina ilikuwa imeshajazwa:

"Kasuku, bona umenifuta?"