Milango ya Bweni la Kihesa

Foleni ya vibali vya ujenzi ilikuwa imefika mlangoni siku Mhandisi Ambokile alipoingia Iringa kutoka Mbeya, suti imekunjamana kwa safari. Nyuma ya dirisha alikaa Faustina, mkaguzi wa usalama wa moto, sweta jekundu juu ya gauni la kitenge.

"Kamwene, dada."

"Mnyakyusa wewe, Kihehe umekitoa wapi?"

"Nimekiokota Igawa, basi liliposimama."

Faustina alicheka mpaka foleni ikaguna. Jioni walikunywa chai pamoja, na kwa miezi mitatu simu hazikupoa.

"Bweni la wasichana la Kihesa linakuja mezani kwako," Ambokile alimwambia. "Ni kazi ya ofisini kwetu. Usinipendelee."

"Nikupendelee kwa lipi, na sura hiyo?"

Modeli ya kidijitali ya jengo ilipofika, Faustina aliifungua kwenye kompyuta. Humo mlango haukuwa mistari tu. Kila mmoja ulibeba taarifa zake: upana, malighafi, dakika za kuhimili moto, na jina la aliyezijaza. Milango ya ngazi ilisomeka dakika sitini. Akashuka chini kidogo, akakuta malighafi: plaiwudi tupu, isiyohimili moto hata nusu ya muda huo. Aliyejaza: Ambokile.

Kinyaa kilimpanda. Alikumbuka midomo iliyombusu, akaifuta yake kwa kiganja.

Akampigia. "Wasichana mia mbili watalala mle. Nani kaandika sitini?"

"Bosi, Mzee Zabron. Aliingia kwenye modeli kwa jina langu."

"Ulijua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na juzi ukanipigia, ukaniimbia."

"Niliogopa kufukuzwa, Fau."

"Unanichefua," akasema, akakata.

Asubuhi iliyofuata Ambokile alisimama dirishani, hajanyoa, mkononi maelezo ya udanganyifu ule yenye sahihi yake. Faustina hakuyagusa. Alimwita mkaguzi mwenzake, Bertha.

"Pokea wewe. Huyu ni mtu wangu, faili hili lisirudi kwangu tena."

Bertha aliyasoma maelezo, akalisimamisha ombi la kibali palepale.

Nje, kwenye baridi, Ambokile alisema, "Nimeacha kazi."

"Ungeiacha wiki iliyopita."

"Nisamehe."

"Nimekusikia. Ila bado kukutazama kunanishinda, Ambokile. Wale ni watoto wa watu."

"Nikikupigia kesho?"

Faustina alifunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja.

"Nitapokea. Lakini usiniite mpenzi."

Akarudi ndani bila kumpa mkono.