Ufunguo wa Kabati la Dawa

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Ilishuka sokoni mchana kweupe, watu wakajibana chini ya bati la muuza maharage, na hapo hapo mke wa watu mmoja akachupa nyuma ya magunia, kajifunika kitenge mpaka puani, kisa baba mkwe wake anapita na mila inakataza waonane. Kikapu chake cha parachichi kikamwagika miguuni mwa kijana mwenye shati jeupe la mikono mirefu.

"Mila hii itatuua," alicheka Atupele, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, kapendeza kwa gauni la kijani, akiinama kusaidia kuokota. "Mimi sitajificha kwa mzee wa mtu hata siku moja."

"Hata akiwa mzee wangu?" kijana aliuliza.

"Kwani wewe nani?"

"Ambindwile. Nawapiga watu nusu kaputi hospitali. Kwa sasa niko likizo."

"Basi usinilaze mimi. Nina nguo za watu."

Mapenzi yakaanza hivyo. Simu asubuhi, simu jioni. "Umekula, mama?" "Nimekula, daktari wangu wa uongo." Kasoro ilikuwa moja: kila Alhamisi Ambindwile alikwenda Mbeya, simu kazima, akirudi anasema alikuwa kwa shangazi. Atupele alivumilia, mpaka rafiki yake Veronika akamwambia amemwona huko, kakaa bustanini na mwanamke, wameshikana mikono, mwanaume analia.

"Shangazi gani anashikwa mikono?" Atupele alimuuliza, mguu haujatoka kwenye cherehani.

"Yule ni mshauri nasaha. Naenda kutibiwa."

"Ugonjwa gani?"

Ambindwile akapandisha mkono wa shati. Makovu ya sindano yalikaa kama mshono uliokosewa.

"Dawa ya mgonjwa ikibaki kwenye kichupa, inamwagwa mbele ya shahidi. Mimi shahidi sikuwa naye. Nikaanza kujichoma mabaki ili nilale."

Sasa alaumiwe nani? Hospitali nzima, mtu wa nusu kaputi mmoja, usiku yeye, mchana yeye, na ufunguo wa kabati la dawa kali mfukoni mwake. Aliomba mwenzake, wakubwa wakasema vumilia. Alipojitaja mwenyewe kwamba anaumwa, hao hao wakamwita mwizi, wakamsimamisha. Likizo gani. Wao viti vyao havikutikisika.

Hapo hapo simu ya Ambindwile ikaita. Alikuwa Dokta Simon, mkubwa wa hospitali.

"Yaliyopita yamepita, kijana. Wagonjwa wamejaa. Rudi Jumatatu, ufunguo wako ule ule."

"Sawa, dokta."

Atupele akasimamisha cherehani. "Sawa? Mlevi anakabidhiwa pipa la pombe, anasema sawa?"

"Ningejibuje? Ni bosi."

"Sindano ningekusamehe, baba. Hiyo sawa yako siiwezi. Nenda."

Jumatatu Dokta Simon akausukuma ufunguo mezani bila hata kuinua macho. Ambindwile akaurudisha.

"Nitalaza wagonjwa. Ufunguo akae nao muuguzi, na mabaki tumwage wawili."

"Unatupangia kazi?"

"Basi walaze mwenyewe."

Akaenda kijijini kwao Masukulu kulima migomba na baba yake, Mzee Lukasi. Upasuaji ukaahirishwa, ndugu za wagonjwa wakaja juu, ndipo Dokta Simon akampigia kwamba amekubali. Si kwa huruma. Kelele zilimfikia mlangoni.

Ambindwile akateremka Bagamoyo na matope yake miguuni.

"Ufunguo anao muuguzi," alisema mlangoni.

"Nani amekuuliza?"

"Nataka uwe mke wangu. Matibabu hayajaisha, Alhamisi bado nakwenda. Nimekuja na mzee, yuko hapo nje."

"Umenichosha, Ambindwile. Unajua umenichosha?"

"Najua."

Atupele akakata uzi kwa meno, taratibu. "Alhamisi tutakwenda wote. Nikamwone huyo shangazi."

Mwavuli mweusi ukatokea mlangoni. Atupele yule yule wa sokoni akachupa nyuma ya cherehani, kajifunika kitenge cha mteja mpaka puani.

Mzee Lukasi akasimama. Akaelewa. Akageuza uso kama inavyompasa baba mkwe, akavuka upande wa pili wa barabara akitabasamu.

"Ndaga fijo," aliushukuru ukuta wa jirani.

Nyuma ya cherehani sauti ikatoka: "Mwambie apite upesi. Nimekalia pini."