Chai Iliyomwagwa Bila Bismillahi

Maziwa yalikatika tena. Mwanvita alisimama juu ya sufuria akiangalia mabonge meupe yakielea kama pamba iliyolowa, na iliki na tangawizi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kunukia. Sufuria alikuwa ameisugua kwa majivu. Maziwa yalikuwa yamekamuliwa kijijini Mlali alfajiri ileile. Alitamani kulia kwa hasira.

"Na leo?" aliuliza mama mkwe wake, Bi. Furaha, kutoka mkekani.

"Na leo, mama."

"Basi nipe ya rangi. Mwanangu kaoa fundi wa mtindi."

Mwanvita aliepua sufuria. Chai peke yake isingemuuma hivyo. Kilichomuuma ni Yunusi, mwanawe wa miezi minne, ambaye tangu chai ianze kukatika alikuwa hataki ziwa. Akipewa tu, alipiga yowe kama aliyeguswa na kaa la moto, akageuza shingo. Zahanati walimwangalia kinywani, wasione kidonda. Mtoto alizidi kukonda, na yeye kifua kimejaa, kanga imelowa maziwa yasiyo na mnywaji.

Akamweka Yunusi mgongoni, akabeba sufuria kwenda kuimwaga mtaroni, nyuma ya jiko. Alipoinama akasikia mtoto analia. Alidhani ni wake, lakini wake alikuwa amelala. Kilio kilitoka chini, ndani ya mtaro, cha koo lililokauka, na pamoja nacho ukapanda mvuke wenye harufu ya mdalasini na nywele zilizoungua, ingawa ile chai mkononi mwake ilikuwa imeshapoa, na katikati ya mvuke ule sauti ya mwanamke, sauti ya taratibu, iliyochoka kama yake mwenyewe, ikamwambia karibu kabisa na sikio, "Wangu naye hawezi kunyonya. Ulimchoma kinywa."

Sufuria ikamponyoka.

Bi. Furaha alisikiliza habari yote bila mzaha hata mmoja. Kisha akanong'ona, "Kabla haya hayajaanza, ulimwaga nini pale?"

"Chai. Ilifurika ikazima mkaa, nikakasirika, nikaimwaga ingali inatokota."

"Ulisema bismillahi?"

Mwanvita alitazama chini. Tangu utotoni alifundishwa kwamba cha moto hakimwagwi ardhini kimyakimya. Unasema bismillahi, ili wenyewe wa chini, majini, wawaondoe watoto wao. Siku ile alikuwa amesema neno jingine.

Akaitwa Mzee Mikidadi, mtaalamu wa mambo hayo. Alifukiza ubani, akasoma, akainamia mtaro kama anayesikiliza ugomvi wa majirani, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu hafukuziki. Hakuja kwenu, ninyi ndio mliomwendea."

"Sasa anataka nini?" aliuliza Mwanvita.

"Mwanangu, wewe mwenye mtoto wa njaa unataka nini?"

Mwanvita akaelewa. Akakamua maziwa yake mwenyewe kwenye kisosi, yakiwa vuguvugu, akakiweka ukingoni mwa mtaro, akasema bismillahi na kuomba radhi. Alipogeuza mgongo, wote watatu walisikia ulimi mdogo ukilamba. Kisosi kilibaki kikavu.

Mchana uleule Yunusi alishika ziwa, akanyonya mpaka akatoka jasho. Na asubuhi iliyofuata chai haikukatika. Bi. Furaha alimaliza kikombe, akakisukuma mbele kuomba kingine.

"Kumbe unajua," alisema.

Mwanvita alicheka kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze. Akamjazia, akaketi kumnyonyesha mwanawe upande wa kulia, mgongo ukiegemea ukuta. Ndipo upande wa kushoto, juu ya kanga, akahisi kitu kikipapasa, kinywa kidogo, cha moto, chenye midomo iliyokakamaa kama ngozi ya kovu, kikitafuta, kikikosa, kikirudi, mpaka kikaipata chuchu na kuanza kuvuta.

"Mama," alinong'ona.

"Nini?"

Harufu ya mdalasini ilikuwa imejaa chumbani, na haikutoka kwenye chai.

"Usisogee," ilisema ile sauti iliyochoka, karibu kabisa na sikio lake. "Bado hajashiba."