Soda Iliyopelekwa na Esperance

Siku hiyo ya soko mvua iliingia Rumonge bila kupiga hodi. Wauza mawese walifunika bidoni zao za mafuta, wauza nguo wakakimbia na mabunda kichwani. Mwavita alibaki chini ya turubai lake, mbele ya mafungu ya ndagala kavu, dagaa wa ziwani, akijipepea na kipande cha kartoni. Watu wote walikuwa wanatetemeka. Yeye jasho lilimtoka shingoni likaingia ndani ya kitenge chake cha kijani chenye ndege wekundu.

Mwanaume mrefu, shati jeupe limemganda mgongoni, aliinama akajikinga hapo hapo.

"Amahoro, mama. Unapika nini humo ndani ya kitenge? Nisogee niote moto?"

"Nunua ndagala, ama urudi kwa mvua yako."

"Nitanunua. Lakini kwanza nijue jina la jiko."

Mwavita alicheka bila kupenda. "Unaongeaka kama redio. Umetoka Tanzania, si ndiyo?"

"Nilipelekwa mgongoni kwa mama wakati wa vita, nikarudi na mvi. Zabroni. Nakamua mawese kule Mutambara."

"Miye Mwavita, wa Baraka, ngambo ya ziwa. Na bwana yangu alishakufa, kama ndiyo hiyo unatafuta."

Ndiyo hiyo alikuwa anatafuta. Kuanzia siku ile simu ya Mwavita haikupumzika.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na weye?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda!"

Kitu ambacho Zabroni hakukijua ni kwamba mwili wa Mwavita ulikuwa vitani. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na hedhi yake ilikuwa imekoma mwaka uliopita. Tangu hapo moto ulimpanda kifuani bila taarifa, usingizi ukamhama, na asubuhi vidole vyake viliamka vigumu kama ndagala zilizopigwa na jua siku tatu. Majirani walisema ni baridi ya ziwa. Akapanda basi mpaka Bujumbura kumuona daktari.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimpima presha, akamkagua matiti, akamuuliza kama kuna mtu kwao aliyewahi kuganda damu mguuni.

"Mama, homoni zako zimepungua. Kwa wengine viungo ndivyo vinalia. Tutazirudisha kwa vidonge, lakini uwe na subira. Miezi ya kwanza vinaweza kukusumbua kabla ya kukusaidia. Damu ikitoka kidogo, nipigie simu. Mguu ukivimba au pumzi ikibana, usingoje, kimbia hospitali."

Na kweli vilimsumbua. Matiti yalijaa na kuuma kama ya mama anayenyonyesha. Kichwa kiligonga. Matone ya damu yakarudi, na aibu ya usichana ikarudi nayo. Na vidole? Vidole bado.

Kila jioni alishika simu amwambie Zabroni, kisha akaiweka chini. Aseme nini? Kwamba anachumbia mwanamke aliyekwisha? Siku Zabroni alipofungua mikono amkumbatie kwa salamu ya huku, ile ya kushikana mabega na kukaa muda, Mwavita alirudi nyuma.

"Nimekukosea, mpenzi?"

"Hapana. Iko jua kali tu."

Na jua lilikuwa nyuma ya wingu.

Jumamosi moja Zabroni alikuja na kaka yake mkubwa, Tarsisi, kumuomba Mwavita kwa wazee wake, waliovuka ziwa kutoka Baraka. Katika jamaa zao, mwanamke mwenyewe ndiye anabeba chupa ya kwanza, anapiga magoti na kumpa mgeni kwa mikono miwili. Hapo ndipo jibu lake linaonekana, hata kabla wazee hawajafungua kinywa. Mwavita aliijua desturi hiyo. Alivaa gauni la bluu la mikono mipana, akajipaka mafuta mpaka akang'aa. Lakini jikoni, alipoishika soda, ilimponyoka. Akashika nyingine, akajaribu kupiga magoti peke yake. Goti likagoma katikati ya njia. Akajiona ameanguka mbele ya wanaume, gauni na chupa pamoja.

Akamuita Esperance, binti wa marehemu dada yake.

"Peleka weye."

"Mama mudogo, hii si ni yako?"

"Peleka, nimesema!"

Esperance akapeleka. Tarsisi aliiangalia chupa, akamwangalia msichana, akasimama.

"Tumejibiwa. Murakoze, asanteni."

Zabroni alibaki amekaa, macho kwenye pazia. Nyuma ya pazia hilo Mwavita aliona viatu vyake vyeusi, vimesuguliwa vikang'aa, vikigeuka taratibu kuelekea mlangoni. Neno moja tu lingetosha kuvisimamisha. Soda ilibaki mezani na kizibo chake.

Wiki sita simu haikulia. Zabroni aliunguza mawese mara mbili. Siku za soko alizungukia upande wa nguo asipite kwa Mwavita, na harufu ya ndagala ikamfuata mpaka kitandani. Mwavita naye alimeza vidonge vyake. Matiti yalitulia, jasho likapungua, usingizi ukarudi, na uliporudi ulikuja na Zabroni ndani yake. Mikono, asubuhi nyingine afadhali, asubuhi nyingine hapana. Akaona wazi: akingoja ipone ndipo aende, anaweza kungoja mpaka kaburini.

Akafunga biashara kabla ya saa sita, akapanda pikipiki mpaka Mutambara.

Tarsisi alikuwa kwenye kigoda, anachambua ngazi, zile tunda za kukamuliwa mawese. Hakumsalimia. Zabroni alijifuta mikono kwenye suruali.

"Umepotea, mama." Sauti ilikuwa kavu.

"Angalia." Mwavita alinyoosha mkono, akajaribu kukunja ngumi. Vidole vilisimama nusu. "Siku ile chupa ilinianguka. Magoti yalikataa. Hedhi yangu iliisha, Zabroni. Iko dawa ya homoni ninakunywaka, ilinivimbisha matiti, ndiyo sababu nilikimbia mikono yako. Sasa umejua. Kama ni kucheka, cheka."

Zabroni hakucheka. "Wiki sita, Mwavita! Nilifikiri umenikataa kwa sababu nanuka mawese."

"Unanuka mawese."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaona umechumbia bibi kizee."

"Mimi nina miaka hamsini na mitatu na meno ishirini na tano. Ulifikiri natafuta msichana wa kubeba maji?"

Mwavita aliinamisha uso. "Mwezi ujao narudi kwa daktari, aone kama atabadilisha dawa. Pengine viungo vitapona, pengine hapana. Siahidi kitu. Na nikishikwa na joto ninatupaka shuka chini."

"Shuka nitaiokota mimi. Na kwa daktari tutaenda wote. Na jibu?"

"Jibu lilikuwa ndiyo toka siku ile. Mikono ndiyo ilichelewa."

Zabroni akafungua yake, polepole, kama mtu anayebeba mayai.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Kidogo. Usitoe."

Tarsisi akakohoa. Alikuwa amesikia yote. Akainuka, akakifuta kigoda kwa mkono wa shati lake, akakiweka nyuma ya Mwavita.

"Kaa, shemeji," akasema, macho yake kwenye ngazi. "Magoti hayo sasa ni ya kwetu."