Nyuma ya Michongoma

"Ukikata michongoma hii, wateja wangu watajaribia nguo wapi? Kwenye kipara chako?"

"Wateja gani, dada? Tangu nifike hapa nimeona nzi tu."

"Haya, kata uone."

Aliyetishia hivyo ni mama, fundi cherehani wa pale uwanjani. Aliyetishiwa ni mtunza bustani wa manispaa, mzee mwenye panga mkononi na ulimi mkali kuliko panga. Bi Kimya, binti wa fundi huyo, aliwasikia wote wawili. Alikuwa amekaa chini, upande wa pili wa ua huohuo, kavaa sare, na saa za masomo zinakwenda.

Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani baada ya baba yake kuzikwa. Siku ile hakulia, na baadaye pia hakulia. Alikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiugusa husikii kitu. Shuleni kila mtu alimtazama kwa huruma, akachoka kutazamwa. Basi asubuhi akawa anaaga vizuri, anazunguka uwanja, anajipenyeza nyuma ya michongoma mpaka wenzake watoke.

Ua huo mafundi waliupanda wenyewe, ili wateja wavae na kuvua bila kuchunguliwa. Wakaumwagilia maji mpaka ukawapita kimo. Kweli, hakuna aliyechungulia tena. Hakuna aliyepita pia. Kina mama waliozoea kukatiza uwanjani wakaanza kuzungukia barabara kubwa, watoto wakahamisha mpira wao. Wakabaki mafundi na cherehani zao, na vijana waliojua kwamba pale, ufanye utakalo, huonekani.

Mmoja wao ndiye aliyempora mkoba juzi. Alikuja, akauvuta begani, akaondoka kwa mwendo wa kawaida tu. Mama alikuwa upande wa pili, anashona. Bi Kimya hakupiga kelele. Nyumbani akasema umeibwa shuleni.

Sasa mama, hasira zimempanda, alikuwa akimmwagia mzee wa watu shida zake zote. Biashara imelala, mume kafa, na juu ya hayo mkoba wa mtoto umeibwa shuleni. Mwizi ni yule mlinzi wa getini, hakuna mwingine, na leo hii anakwenda kwa mwalimu mkuu mpaka mtu huyo afukuzwe.

Mlinzi yule peke yake hakuwahi kumtazama kwa huruma. Kila asubuhi aliyofika shuleni alimwambia neno moja tu, "Chomekea," kama alivyowaambia wote.

Bi Kimya akasimama. Hakusikia woga wala aibu. Miguu ilikwenda yenyewe. Akauzunguka ua, akasimama mbele ya cherehani.

"Mlinzi hajaiba, mama. Mkoba niliporwa hapa nyuma. Shule siendi."

Mama akamuuliza mbona hakumwita, na yeye alikuwa palepale. Bi Kimya akasema hajui. Na kweli hakujua.

Halafu mama akamwambia mzee akate tu, pazia la wateja atalitundika ndani ya kibanda chake. Mzee akakata. Matawi yakaanguka, uwanja wote ukaonekana, mpaka geti la shule kule ng'ambo. Muuza viatu wa upande wa pili akawapungia mkono kama watu waliorudi safari.

"Nilitaka tusionekane, na mimi nikawa sioni," mama akasema. "Mwanangu anaporwa mgongoni kwangu, nami nakanyaga cherehani. Na wewe umefanya vilevile. Ukijificha na majonzi yako, atakayekusaidia atakuonea wapi? Na uongo wako ulikuwa unakaribia kumwaga unga wa mtu asiye na kosa. Nenda shule, ukaseme yote kama yalivyo."

"Watanitazama."

"Watakutazama. Na mimi nitakutazama."

Bi Kimya akageuka, akaanza kuukatiza uwanja, katikati kabisa.