Jina la Kunyonya

Mwaka ule wa vitambulisho vipya, hakuna mtu Malaba aliyekuwa na amani na vidole vyake. Serikali ilisema vipande vya zamani havina kazi tena, kila mtu aende akapakwe wino upya, vidole vyote kumi. Vyote kumi! "Kwani tumeiba nini?" wazee waliuliza vibandani. Mmoja alitaka kujua Nairobi kuna nyumba gani ya kuweka vidole vya watu, na ni nani analala humo kuvilinda. Watu walicheka. Lakini walicheka wamekunja ngumi, na usiniambie hujawahi kuona mtu akicheka hivyo.

Anyait hakuwa na nafasi ya kucheka. Aliuza chai na maandazi kwa madereva wa matrela kwenye foleni ya forodha, na askari wa doria walikuwa wamemzoea. Kitambulisho? Hana. "Basi wewe ni Mganda." Mwanamke amezaliwa Amukura, babu yake amezikwa Amukura, lakini kwa kuwa Wateso wako huku na wako ng'ambo ya mpaka, kila asubuhi alikuwa Mganda mpaka awape maandazi ya bure. Mara ya mwisho walimlaza seli akiwa na mimba kubwa. Alipojifungua pale hospitali ya Alupe, akaapa kwamba huyu mtoto hatamwona mamake akiitwa mgeni kwao.

Kwa hiyo siku moja alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kambi ya chifu kupanga foleni.

Alisimama kutwa. Jua likampiga, mtoto akanyonya akalala akaamka, na foleni ikasonga kama haitaki. Alipofika dirishani, dirisha likafungwa.

"Kesho, mama," alisema Paulinus, karani wa chifu, huku akitia funguo mfukoni.

"Kesho tena? Boss, nina mtoto mchanga!"

"Hata hao wenye wino wameshaondoka na sanduku lao. Nikupake nini mimi, masizi?"

Akapanda baiskeli yake, akaenda. Watu wakatawanyika. Anyait alibaki pale uwanjani, machozi ya hasira yakimlenga. Jua lilikuwa linazama upande wa Tororo, na vivuli vya mikaratusi vilikuwa virefu. Alikuwa anakaza leso ya mtoto ili aondoke.

"Mama..."

Sauti ilitoka nyuma ya ofisi, kwenye stoo kuukuu ya mahindi ya msaada.

"Mama, njoo. Wino bado upo."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza, na mwanamume ameketi. Shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka kooni. Hakuwa amewasha taa, ingawa kiza kilikuwa kimeshaingia pembeni. Alimsalimia kwa Kiteso safi, Kiteso cha watu wa zamani, kile ambacho vijana wa mjini hawakiwezi tena. Anyait akasikia moyo wake unatulia. Mtu wa nyumbani! Nani hangefurahi?

Mwanamume akamshika mkono.

Baridi.

"Legeza, mama. Usinisaidie." Maneno yaleyale wanayosema wapaka wino wote. Akaviringisha kidole gumba, cha shahada, cha kati... Wino ulikuwa wa vuguvugu. Na harufu yake haikuwa ya wino. Ilikuwa ya ajono, pombe yetu ya wimbi, iliyochacha.

Anyait akatazama vidole vya yule mtu. Ncha zake zilikuwa laini tupu, hazina mstari hata mmoja, kama yai lililochemshwa na kumenywa.

Yule mtu alimuuliza jina la baba, akamtajia. Babu, akamtajia. Ukoo, akamtajia. Kila jibu aliitikia kwa kichwa, kama anayekumbushwa jambo alilojua.

"Na huyo wa mgongoni?"

"Huyo ni mtoto tu, mzee."

"Hana vidole?"

"Anavyo..."

"Siku hizi tunachukua na vya watoto." Akamtazama. "Ama turudi kwa ile ya Mganda?"

Angekataa. Mimi na wewe tuliokaa hapa tumeshiba, tungekataa. Lakini alikuwa amesimama kutwa, na alijua seli inanuka vipi. Akamshusha mtoto.

"Anaitwa nani?" mtu aliuliza, akinong'ona sasa.

"Bado. Atanyonya jina Jumamosi."

Hapo ndipo Anyait alipokosea. Kwetu Wateso jina hunyonywa kabla halijaandikwa popote. Nyanya anachovya kidole kwenye ajono, anamtia mtoto mdomoni, anataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Mtoto akinyonya, hilo ndilo jina lake, na halitoki tena. Sasa mtoto ambaye hajanyonya, hilo halisemwi nje. Hata kwa jirani. Ukiulizwa unabuni jina lolote, unapita zako. Kila mama anajua. Anyait alijua! Lakini mtu alikuwa ofisini, mezani, na ofisini watu husema kweli.

"Vizuri," alisema yule mtu.

Alimpa Anyait kitambaa cha mafuta ya taa ajifute. Anyait akageuka kidogo kusugua mikono. Mtoto hakulia. Hakutoa hata sauti... Kisha kukasikika kitu kingine, mlio mdogo, wa maji maji.

Akageuka.

Yule mtu alikuwa ameweka kidole cha mtoto mdomoni mwake. Alikuwa anakinyonya.

"Unafanya nini wewe!"

"Namsafisha," alisema, akameza.

Anyait alimnyakua mtoto akatoka mbio, na hakusimama mpaka alipoona taa za matrela.

Mumewe Opolot alikuwa mtu wa baiskeli, wale wa kuvusha abiria toka boda ya Kenya mpaka ya Uganda. Alikuja amechoka. Akasikiliza, akapiga miayo. "Wamekupaka wino, si ndiyo? Basi umepata. Lala." Wanaume wengine, hata nyumba ikiungua, watakuuliza chakula kiko wapi.

Kesho yake Anyait alirudi kwa Paulinus. Karani alimsikiliza huku uso ukimbadilika.

"Stoo gani? Ile? Ile haijafunguliwa tangu ule ukame, mama."

Wakaenda wote. Kufuli ilikuwa imeshikana na kutu, na Paulinus aliipiga kwa jiwe mpaka ikaachia. Ndani hakukuwa na meza. Hakukuwa na kiti. Kulikuwa na vumbi, kinyesi cha popo, na ile harufu. Halafu macho yalipozoea giza, Paulinus akajishika kifua.

Ukuta wa chokaa ulikuwa umejaa alama za vidole. Nyeusi. Kuanzia chini mpaka kwenye paa.

Zote ndogo ndogo.

Paulinus alifunga mlango. Kisha akamchukua Anyait mpaka dirishani, akawaambia wale wenye wino wampake mbele ya watu wote, tena mwenyewe akasimama pale na kusimamia. "Mama, hayo mengine tusiyaseme," alinong'ona. "Mimi nina watoto."

Jumamosi ikafika. Anyait hakuwa amemwambia mama mkwe wake chochote, maana Gaudencia si mwanamke wa kuambiwa upuzi wako ukabaki salama. Mama huyo alikuwa wa kanisa, rozari shingoni, lakini mambo ya ukoo hakuyachezea. Alasiri walikusanyika wanawake wa mji, kibuyu cha ajono kikawekwa katikati. Gaudencia akampakata mjukuu, akachovya kidole.

Akataja jina la mamake mzazi. Mtoto akafunga mdomo.

Akataja la shangazi yake Opolot, aliyekufa kwa surua. Mdomo ukabana zaidi. Akataja jingine. Na jingine. Wanawake waliokuwa wakiimba wakapunguza sauti, wakanyamaza kabisa. Hakuna mtoto anayekataa wote! Gaudencia alikuwa anatokwa na jasho, majina yanamwishia, akaanza kutaja hata ya wale waliokufa vibaya.

Mtoto bado amebana mdomo.

Halafu mtu akasema jina nje, karibu na ghala.

Alilisema taratibu, kwa Kiteso cha zamani. Jina lenyewe silitaji hapa, usiniombe. Si la ukoo ule wala wa jirani. Mtoto akafungua mdomo, akashika kidole cha nyanyake, akanyonya... akanyonya kwa nguvu mpaka Gaudencia akapiga ukemi na kukichomoa.

Ncha ya kidole ilikuwa nyeusi ti.

Wanaume walitoka mbio na marungu. Hakukuwa na mtu. Kuku walikuwa wamejikunyata chini ya ghala mchana kweupe.

"Anyait," Gaudencia alisema, bila hata kupaza sauti. "Ulimwambia nani kwamba mtoto hajanyonya?"

Akaeleza yote, akilia. Wanawake wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Gaudencia hakumtukana, na hilo ndilo lililomtia Anyait hofu zaidi.

"Sikiliza, mwanangu. Amenyonya, hatuwezi kulitoa. Lakini jina halishiki mpaka mama aliite. Kinywa chako ndicho kinachomkabidhi. Usiliite. Hata ukiota, amka. Siku utakayoliita, huyo mtu atakuwa na vidole vya mtoto, na jina lake, na ruhusa yako. Atabakisha nini?"

Walimpeleka mtoto kanisani akabatizwa Sheilah. Maji matakatifu, mshumaa, kila kitu. Mtoto hakugeuka kwa Sheilah hata siku moja. Ungemwita mpaka ukauke koo, anakuangalia kama unaongea na mtu mwingine. Nyumbani wakawa wanamwita "wewe". Wewe njoo ule. Wewe acha hiyo. Anyait alikuwa akimwogesha huku analia, maana ni uchungu gani huo, mtoto wako mwenyewe, wa tumbo lako, huna la kumwita?

Na kila jioni yule mtu alikuja. Hawakumwona. Jua likishuka tu, mtoto angeacha kucheza, angegeuza shingo kuelekea ua wa michongoma, angetabasamu. Kisha Anyait angelisikia jina likipita nje ya ua, polepole, kama mtu anayejaribu wimbo. Angemziba mtoto masikio. Mtoto angemng'ata.

Kitambulisho kilikuja. Picha yake, jina lake, alama ya dole gumba lake, hakuna kosa. Askari wa doria walikitazama, wakamrudishia. Hakuwa Mganda tena. "Si uliona?" Opolot alisema. "Sasa una shida gani?" Anyait alikitia chini ya godoro na hakupenda kukishika.

Mtoto akaanza kutembea. Akaanza kukimbia.

Siku hiyo foleni ya matrela ilikuwa imefika mbali, na Anyait alikuwa na wateja. Haikuwa hata jioni, jua lilikuwa kali. Alimmiminia dereva mmoja chai, akageuka kuchukua sukari, na mtoto hakuwepo miguuni pake.

Alikuwa barabarani.

Alikuwa anakimbilia nyuma ya trela, anacheka, mikono mbele. Tanboi, msaidizi wa dereva, alikuwa upande wa pili, anapiga bodi kwa kiganja. "Rudi! Rudi! Rudi! Bado!" Trela lilikuwa linarudi nyuma, magurudumu makubwa yanasaga kokoto, dereva haoni kitu.

"Wewe!" Anyait alipiga kelele. "Wewe! Rudi! Sheilah! Sheilah!"

Mtoto hakugeuka.

Anyait alikimbia, birika likaanguka likamchoma mguu, hakulisikia. Alikuwa mbali. Hangefika, aliona kwa macho yake kwamba hangefika. Gurudumu na mtoto vilikuwa vinakutana. Ungefanyaje wewe? Hebu niambie. Ungekumbuka mama mkwe wako?

Akaliita.

Aliliita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mara moja.

Mtoto akasimama papo hapo. Akageuka. Gurudumu likapita nyuma ya kisigino chake, likaikanyaga ndara yake moja, na tanboi akaona, akapiga bodi kwa ngumi zote mbili, trela likasimama kwa mshindo. Watu wakapiga mayowe. Mtoto alikuwa mzima. Hana hata mchubuko! Anyait akapiga magoti kwenye kokoto, akafungua mikono, analia na kucheka na kumshukuru Mungu vyote kwa pamoja.

"Njoo, mama. Njoo kwa mama."

Mtoto akaja mbio, uso umejaa furaha.

Ndipo harufu ikamfikia Anyait. Ajono iliyochacha, hapo nyuma ya bega lake, karibu sana na sikio.

"Asante, mama," mtu alinong'ona.

Mtoto alifika, mikono juu kama anayetaka kubebwa, na akampita.