Picha ya Scarborough

Ukumbi wa soko la Halifax, Uingereza, ulifurika watu Jumamosi ile ya maonyesho ya mabasi, Agosti 1998. Nje yalipangwa mabasi ya zamani, injini zikinguruma katikati ya mvua. Ndani, wazee wenye makoti yaliyolowa walipekua masanduku ya picha huku wakinywa chai. Averil Sugden, mshona mapazia wa miaka thelathini na nne, alijipenyeza kati yao na koti lake la kijani, bahasha kaibana kifuani. Mtu akamsukuma kwa mgongo, akayumba, chai ya mwenye meza moja ikamwagika.

"Samahani. Nimekuharibia picha."

"Hiyo nilikuwa naichukia siku nyingi," mwenye meza akajibu. "Kaa, bibie, kabla hujamaliza na zilizobaki."

Huyo alikuwa Nevil Crowther, mtu mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliyeachana na mkewe miaka mitatu nyuma. Ukimpa picha ya basi, hata likionekana nusu, angekuambia lilitengenezwa wapi na lini, kwa kuangalia taa na umbo la madirisha tu.

Averil akatoa picha yake: mwanamke kijana mwenye gauni la madoa, anacheka mbele ya basi la safari.

"Mama yangu, Enid. Alifariki Januari. Hapo ni fungate yao, Scarborough, Juni 1960. Baba anatimiza miaka sabini mwezi ujao, nataka kumwekea kwenye fremu na jina la basi chini yake."

Nevil akainamisha kioo cha kukuzia. Namba ya basi ilifichwa na gauni, lakini magurudumu yalionekana: mbele mawili kila upande, nyuma moja. Akakiweka kioo mezani.

"Baba anaikumbuka fungate hiyo?"

"Anaisimulia kila siku."

"Basi andika hivyo. Bedford, Scarborough, 1960."

Jioni hiyo walikula samaki na chipsi kwenye karatasi moja, wakigombania kipande cha mwisho. Kuanzia hapo simu haikupoa.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea ni pazia."

"Mwambie huyo pazia nimemkumbuka."

Jumapili Nevil alimfundisha kuyatambua mabasi, na kila akikosea alidai busu. Averil akaanza kukosea kwa makusudi. Mara nyingine Nevil alimsimulia habari za Imogen, binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye mama yake alikuwa amehamia naye New Zealand kiangazi kile. Akimtaja, sauti yake ilishuka.

Jumapili moja ya Novemba, Nevil akiwa jikoni, Averil alichukua picha moja mezani. Basi lenye magurudumu mawili mbele kila upande. Akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa Nevil: *Bedford. Aina hii haikuwa barabarani kabla ya 1963.*

Picha iliyotundikwa ukutani kwa baba yake aliijua kwa moyo: magurudumu yalikuwa hayo hayo. Na yeye mwenyewe alizaliwa Aprili 1964.

Nevil alirudi na vikombe, akaona alichoshika.

"Ulijua," Averil alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Nilijua si 1960. Mengine sikuyajua."

"Ukaniacha nikamtundikie baba picha ile ukutani."

"Ulikuwa umetoka kumzika mama yako, mpenzi. Ningekwambia nini?"

"Ukweli. Ndio niliokuja kuuliza. Umekaa miezi mitatu unaniangalia kama mjinga."

Akavaa koti lake. Nevil alipiga simu usiku ule, kesho yake, na wiki zote zilizofuata. Averil aliiacha ilie. Siku moja ya Januari ikanyamaza kabisa, na hapo ndipo alipolia.

Mzee Horace, baba yake, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi miguuni, akihema kwa shida kama kawaida yake. Alimtazama binti yake muda mrefu.

"Kijana wa mabasi kakukosea nini?"

Averil hakuweza tena kuficha. Akasema yote, mpaka magurudumu.

Horace hakushtuka. "Mwaka 1963 nililazwa hospitali ya kifua kikuu," alisema, "Machi mpaka Novemba. Nilipotoka, mama yako alikuwa na mimba ya miezi minne. Alifungasha sanduku, akalisimamisha mlangoni, akangoja nimfukuze. Nikamwambia achemshe chai."

"Hukumuuliza?"

"Nilisubiri siku ya kumuuliza. Kisha ukazaliwa wewe, ukanishika kidole, nikasahau swali. Miaka ikapita, nikaikuta picha ile kwenye droo. Nikamwambia, hii ni fungate yetu. Akalia, akasema ndiyo." Akavuta pumzi. "Yule kijana amenisitiri mimi, mwanangu. Usimwadhibu kwa hilo."

Averil alikwenda mbio kwa Nevil. Alimkuta sebuleni kati ya maboksi, kuta tupu.

"Imogen aliniuliza kama nitahamia huko kwake," Nevil alisema. "Wewe hukupokea simu. Nikamwahidi. Nasafiri Alhamisi."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi ndiye niliyekudanganya."

Walishikana pale katikati ya maboksi, uso wa Averil kwenye sweta lile la kiwiko kilichotoboka, mpaka chumba kikaingia giza.

"Twende wote, Averil. Tufunge ndoa huko."

"Baba hawezi kupanda ngazi mwenyewe, sembuse ndege."

"Najua. Lakini ningejuta nisingekuomba."

"Na wewe usimvunje moyo mtoto. Baba angeweza kuniacha, hakuniacha."

Alhamisi alimsindikiza kituoni. Nevil alimbusu paji la uso, macho, mdomo, akapanda bila kugeuka, kwa sababu walikubaliana asigeuke. Averil alisimama hadi msafisha kituo alipomwomba asogeze miguu apitishe ufagio.

Nyumbani alikaanga mayai, akamkatia baba yake mkate vipande vidogo.

"Kaondoka?" Horace aliuliza.

"Kaondoka."

"Alikuomba mwende wote?"

Averil alimwekea sahani magotini, akamnyooshea blanketi.

"Hapana, baba," alisema. "Hakuniomba."

Mzee alimtazama. Kisha akachukua uma, akala, machozi yakimtiririka, na hakuuliza tena.